Ulimi Wangu Ulirudi Punje kwa Punje

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenirudishia ulimi huu, ingawa walimu wangu wa skuli bado hawajamshukuru.

Mnaonijua tangu kwetu Ambanoro mnajua nilivyokuwa. Nilimwigiza mwalimu wa Kifaransa akipenga kamasi, nikamwigiza mwadhini mwenye kikohozi, hata mbuzi wa jirani hakusalimika. Nyumba nzima ilicheka, isipokuwa mdogo wangu Zaina, mtoto mwenye akili ya mtu mzima. Tukikaa kula husema: "Kaka, nyamaza hata siku moja tu, tupumzike!"

Mwaka uliofuata uhuru, bendera mpya haijapauka, homa ikaingia kwetu. Ikatulaza wawili kitanda kimoja. Zaina akafa. Mimi nikabaki, nusu ya uso imelegea kama nguo mbichi, na ulimi umelala mdomoni kama samaki wa jana. Walipoliinua jeneza nilitaka kumsomea Fatiha. Nikatoa mate. Ndugu zangu, kuna fedheha, halafu kuna hiyo!

Nikavushwa bahari mpaka Mahajanga, kwa mjomba wangu, mtaa wa Mangarivotra, niwe karibu na hospitali. Daktari akasema ulimi labda utarudi, labda hautarudi. Shehe akaniandikia kombe, aya za wino zilizooshwa kwa maji. Nikalinywa, likatokea upande wa mdomo uliolegea. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: nirudi Ambanoro nimsomee Zaina Fatiha yake. Na nilitaka ulimi mzima, kesho asubuhi! Kesho ikaja na mate. Miezi ikapita na mate. Nikaacha kujaribu, nikageukia ukuta. Mama, aliyekuja nami, alikaa nyuma yangu; tangu mazishi hakuwa amecheka.

Na msinitajie haba na haba hujaza kibaba. Aliyesema hivyo hakuwa na kiu!

Sasa, bibi yangu mzaa mama alikuwa Msakalava, na ukoo wake una utani na ukoo wa Mama Soa, muuza mihogo ya kuchemsha pale mtaani. Watani hutukanana bila hasira, hata msibani. Lakini ukitukanwa sharti ujibu. Usipojibu, umeukana udugu. Basi kila asubuhi Mama Soa alitua sinia mlangoni, akaanza kwa Kisakalava chake:

"We kichwa cha papai! Amka! Mdomo umepinda kama mlango wa jela!"

Kisha anangoja. Mihogo inapoa, wateja wanaita, yeye kasimama tu. Haondoki mpaka nitoe kitu.

"Mate tu leo? Hata ya jana yalikuwa mengi kuliko haya!"

Siku nyingine: "Haya, upepo! Jamani, mtani katoa upepo!"

Aliushangilia upepo ule kana kwamba nimehitimisha msahafu. Nilimchukia! Kwa chuki hiyohiyo nikajaribu tena. Ikaja "nnn". Ikakaa "nnn", ikakaa, mpaka nikailia. Ndugu zangu, mtu anaweza kulilia herufi moja!

Mjomba alikuwa akiomba neno langu la kwanza liwe Bismillahi. Asubuhi moja Mama Soa akaniinamia usoni, na ulimi ukafunguka:

"Unanuka!"

Mama akacheka. Akacheka mpaka akajifunika kanga usoni, na humo ndani kicheko kikageuka kilio. Mama Soa akanitia kipande cha muhogo mkononi.

"Muda wote huo ulikuwa ukipika hilo tu?" Na kesho yake akarudi.

Kutoka neno lile mpaka Fatiha ilikuwa safari ndefu kuliko bahari tuliyovuka. Aya moja ikipona, nyingine inakwama. Mwishowe tukarudi Ambanoro. Kaburi la Zaina lilikuwa limeota nyasi. Nikasoma. Nikakwama katikati, nikarudia, mate yakanidondokea kifuani. Mama hakunifuta. Alingoja, kama Mama Soa. Nikafika Amina.

Alhamdulillahi! Uso bado umepinda, na nikichoka maneno hunikimbia. Wewe uliyegeukia ukuta, mtegemee Mungu, wala usidharau upepo wako. Kama leo una mate tu, mpe hayo mate. Nami nilimwomba gunia, akanipa punje, na punje hizo ndizo nilizomsomea mdogo wangu.

Kabla hatujaondoka pale nikainama, nikamwambia: "Zaina, nimenyamaza mpaka basi. Leo nisamehe kelele."