Safou ya Mama Safiya

Aïcha: Haloo? Ni nani uyo? Namba siijue.

Lukumani: Iko miye, baba yako. Simu ya jirani Nephtali, yangu imekufa.

Aïcha: Salam aleko, papa. Bengamisa habari gani?

Lukumani: Tuko. Shoka ya mama yako uliweka wapi, siku ile ulipasua kuni?

Aïcha: Shoka? [krr] Papa, mvua inanyesha uko? Sisikie mu—

Lukumani: Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Sasa ndiyo jua. Ata mvua inafanya kama wakubwa: inakuja saa haitakiwe. Muchele uko kwenu mujini, sokoni ya Tshopo, bei?

Aïcha: Papa...

Lukumani: Sema tu.

Aïcha: Imeanguka. Boti ilileta muchele ya ng'ambo, nyeupe kama meno. Ya kwetu wananunua kwa huruma.

Lukumani: Na bei ya kukodi shamba inapanda. Ndiyo inchi yetu: chakula inashuka, udongo inapanda.

Aïcha: Papa Mahmoudi ameongeza bei ya shamba yake tena?

Lukumani: Kila mwaka nilimupa gunia ine ya mupunga. Sasa anataka nane. Watu wa kulima kakao wako mulangoni kwake na pesa mukononi.

Aïcha: Ulivuna ngapi?

Lukumani: Tisa.

Aïcha: Utoe nane, tubaki na moja?

Lukumani: Nilienda kushitaki kwa chef wa kijiji. Alikuwa amekwisha kula mbuzi ya watu wa kakao, mafuta bado kwa ndevu.

Aïcha: Bon, ulipe nane, tuta—

Lukumani: Haitoshi. Anataka mti ya safou ya mama yako Safiya ianguke. Mutu wa kukodi hapande mti, unajua desturi. Mti ni kama kusema shamba iko yangu.

Aïcha: Mama hakupanda. Alikuwa na mimba yangu, akakula safou, akatema kokwa, ikaota yenyewe—

Lukumani: Niliwaambia. Chef akauliza shahidi iko wapi. Nikasema, kwa makaburi. Wakacheka.

Aïcha: Na Papa Mahmoudi anakula ile safou kila mwaka.

Lukumani: Ata mwaka jana alijaza kikapu. Donc, kesho Ijumaa, mbele ya saa ya sala, niikate kwa mukono yangu, yeye akiangalia. Ao wanaingiza kakao.

Aïcha: Nitakuja niongee naye.

Lukumani: Kwa barabara gani? Wanaitengenezaka wakati wa uchaguzi tu. Utafika mti imekwisha kuwa makaa.

Aïcha: Basi uache shamba, papa. Kuja ukae kwangu.

Lukumani: Nilime nini uko Tshopo, goudron ya barabara?

Aïcha: Mti iko na matunda?

Lukumani: Mengi. Haijaiva. [krr] Aïcha, unités za simu ya watu zinaisha. Shoka.

Aïcha: ...Chini ya kitanda. Upande wa mama. Niliifunga na kitambaa yake.

Lukumani: Asante, mama.

Aïcha: Papa, ngoja. Unitafutie kokwa. Ata moja, ya zile zilianguka zamani—

Lukumani: Tuipande kwa udongo ya nani? [krr] Haloo? Aïcha? Nakuuliza, ya nani?