Bi Kipimo wa Lango la Tatu

Marehemu, ambaye wengi walimwita Bi Kipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi seremala. Alisoma mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1970. Hesabu zilimkaa kichwani.

Mwaka 1976 aliajiriwa kufungua na kufunga malango ya mfereji wa umwagiliaji. Kina cha maji alikipima kwa kijiti alichokitia mikato. Mkulima mmoja wa mashamba ya chini alimwendea akifoka kwamba maji hayamfikii. Bi Kipimo akampa kijiti.

"Pima mwenyewe, kaka, halafu ndiyo ugombe."

Mkulima hakujua kusoma, hata namba. Akamfundisha mikato, mmoja mmoja. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1978. Mpaka leo mume huyo anasoma maji tu.

Mwaka 2014 yaliletwa malango yanayojiendesha. Maji yakizidi, boya linapanda na lango linajifunga, yakipungua, linajifungua. Mhandisi akamwambia, "Mama, boya halichoki. Wewe nenda kapumzike." Alirudisha funguo siku ileile.

Hakupumzika. Majani na tope vilijaa kwenye shimo la boya la lango la tatu, boya likawa linakwama. Miaka tisa, kila alfajiri, aliingia majini akalisafisha kwa mikono. Mumewe alitaka kwenda ofisini kusema. Akamkataza.

"Wakijua watanifukuza mara ya pili. Nyamaza, mume wangu."

Akanyamaza. Ofisini wakajisifu kwamba lango la tatu halijawahi kuharibika. Wageni waliletwa, wakapiga nalo picha.

Tarehe 11 Aprili 2023 aliteleza mferejini, akakaa kwenye baridi mpaka mumewe alipomfuata. Kifua kikambana. Alilazwa siku kumi na mbili, mumewe akikaa naye wodini. Jumapili tarehe 23, saa nne asubuhi, aliuliza kama boya liko huru. Mumewe akasema liko huru. Hakuwa amekwenda kulitazama. Mkewe akafariki.

Boya lilikuwa limekwama tangu Ijumaa. Lango lilibaki wazi, mashamba ya chini yakazama.

Mhandisi alikuja kutoa pole. Kabla ya kuondoka alimuuliza mgane kama anamfahamu mtu aliyekuwa akilishikashika lango, maana alama za mikono zimejaa kwenye tope.

"Namfahamu," mgane akamjibu. "Tunamzika Alhamisi."

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na kijiti.

Apumzike kwa amani, kama alivyoambiwa.