Nukta Aliyoifuta Harmen Wiegers

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Zwarteveld, familia inawaomba mketi na kusikiliza maisha ya Harmen Wiegers, ambayo sehemu yake aliisema mwenyewe akiwa kitandani, akataka isomwe kabla jeneza halijainuliwa, wala si baada ya hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa kijijini, mtoto wa tatu wa mkulima wa viazi Jan Wiegers na mkewe Hillechien, akasoma shule ya msingi kijijini, kisha shule ya ufundi mjini Emmen, alikohitimu ufundi wa umeme mwaka 1968, na tangu mwaka huo hadi alipostaafu tarehe 1 Aprili 2011 alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa, ambako wenzake walimpa jina la Bwana Sahihi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Tarehe 21 Mei 1976 alifunga ndoa na Geesje Hadders, wakajaliwa watoto wawili, Janna na Lammert, na baadaye wajukuu watatu, ambao aliwapenda kuliko alivyojua kuonyesha.

Alipostaafu alijitosa katika kupiga picha za galaksi za mbali, pamoja na Roelof Hoving, mwalimu wa michezo, jirani yake wa upande wa pili wa ua. Walichangia kununua kamera isiyoona rangi, ambayo humlazimu mtu aipige picha galaksi ile ile kupitia kioo chekundu, kisha cha kijani, kisha cha bluu, kila mawingu yanaporuhusu, halafu azirundike picha zote kwenye kompyuta hadi zizae moja yenye rangi, na kwa kuwa mawingu ya mkoa wetu wa Drenthe ni bahili, galaksi moja iliweza kuwamalizia majira mazima ya baridi. Roelof alipiga picha, katika kibanda chake chenye paa la kusukuma, Harmen alisafisha na kuunganisha, na wake zao wakawa wanalalamika kwamba wamefanywa wajane waume zao wangali hai.

Mwezi Machi 2013, Roelof aliona nukta nyeupe pembeni mwa galaksi waliyokuwa wakiifuatilia, nukta ambayo haikuwapo mwezi uliotangulia, akamwita jirani yake aitazame. Harmen aliikodolea macho kidogo tu, akasema, "Pikseli mbovu hiyo, bwana, kamera imechoka," akaifuta, akapeleka picha kwenye klabu yao ya watazama nyota mjini Assen, kwa sababu ilikuwa karibu kutundikwa ukutani mbele ya wanachama wote na alitaka iwe safi.

Siku mbili baadaye alizirudia zile picha mbichi, ambazo hazijasafishwa, akaikuta nukta ile ile katika nyekundu na katika kijani, ikiwa imesogea pamoja na nyota nyingine, jambo ambalo pikseli mbovu haiwezi, maana ubovu wa kamera hubaki pale pale ulipo hata anga likihama. Alijua hapo hapo kwamba ni nyota iliyolipuka, na kwamba aliyeiona ni Roelof. Akanyamaza. Alijiambia atasema klabu ikishamaliza kuitazama picha, lakini kabla ya hapo mtu mmoja wa Italia akaitangaza nyota hiyo, na jina lililoandikwa likawa la Mwitalia.

Roelof alipenya kwenye ua akiwa na ndara miguuni, anapiga kelele, "Harmen! Ile nukta yangu! Si ndiyo ile?" Na marehemu, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, alimjibu, "Siyo ile, bwana. Yako ilikuwa upande mwingine kabisa, nimeshaangalia." Roelof aliona haya, akasema, "Samahani, jirani, nimekuja kukusumbua bure," akarudi kwake. Alasiri ile ile Harmen alizifuta picha zote mbichi.

Mwaka uliofuata Roelof aliuza darubini, akidai macho yake hayaaminiki tena, naye alikuwa hajafika hata miaka sitini. Ile picha iliyosafishwa Harmen alimpa zawadi, ikatundikwa sebuleni kwake, na kila siku ya kuzaliwa Roelof, wageni wakikaa duara na keki zao, Harmen alichagua kiti ambacho kingemfanya aipe mgongo.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akauguzwa nyumbani, na kila siku Roelof alimletea supu ya njegere, akamnyoa ndevu, akamsomea gazeti. Geesje, alipoambiwa siri hiyo, alimwambia mumewe, "Basi mwambie mwenyewe, mzee, si huyo hapo jikoni anapasha supu?" Harmen akasema, "Nikimwambia ataondoka." "Na asipoondoka je?" Akageukia ukutani. "Hapo ndipo nitakaposhindwa kabisa." Geesje alimkasirikia, na hajamaliza kumkasirikia. Marehemu alifariki tarehe 17 Januari 2025, alfajiri, Roelof akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru daktari wa kijiji na wauguzi waliokuja katika theluji, wenzake wa kiwandani, wanachama wa klabu ya Assen, na majirani wote waliotandika meza za kahawa.

Kwa desturi ya hapa, jirani wa kwanza, yaani wa nyumba iliyo karibu zaidi, ndiye hushika jeneza mbele, na Roelof amekwisha kuvaa glavu za wabebaji. Ndiyo maana haya yamesomwa sasa. Roelof, nyota ile uliiona wewe, kabla ya mtu yeyote tunayemjua, na macho yako hayakuwa na kasoro hata kidogo, aliyekuwa na kasoro ni Harmen. Ukipenda kuvua hizo glavu, zivue, Lammert atashika nafasi yako, hakuna atakayekuuliza, na kiti chako kwenye kahawa kitabaki kuwa chako. Chukua muda wako, tutakusubiri.

Na wewe Harmen, umekwisha sema, hata kama ni kwa mdomo wa wengine. Lala kwa amani.