Amana ya Mama Mokami wa Ofisi ya Nyumba, Tarime

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Ndugu Mokami Nyamhanga, Mkaguzi wa Nyumba za Kupanga hapa Tarime, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1983. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Selestine, niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi, kazi ya kuandika habari zake, na ikasisitiza niandike kwa furaha. Nitajaribu. Lakini nimeudhika, na Mama Mokami mwenyewe asingependa nifiche. Mwanamke huyu amewabana wenye nyumba wa wilaya nzima waseme amana za wapangaji wao ziko wapi, na mpaka wiki iliyopita alikuwa anajiandaa kurudisha ufunguo wa nyumba ya ofisi bila mtu yeyote kumwambia amana yake mwenyewe iko wapi.

Aliajiriwa mwaka 1961 kama mpiga chapa. Baadaye akapandishwa kuwa karani wa malalamiko, kisha mkaguzi, cheo ambacho wanaume wawili walikikimbia kwa sababu ya matusi ya wenye nyumba. Yeye matusi hayakumsumbua. Alisema amekulia Matongo na kaka watano, kwa hiyo amekwisha yasikia yote.

Kazi yake aliijenga juu ya kanuni moja ya ofisi yetu. Mwenye nyumba akipokea amana, amwambie mpangaji inakaa wapi, kwa nani, na itarudi lini. Tena aseme kwa kinywa chake, mpangaji akiwa amesimama hapo. Ni jambo dogo jamani, hata mtoto analielewa. Lakini wenye nyumba wa mji huu ungedhani wameambiwa wahamishe mlima.

Mjue kwamba huku kwetu amana si fedha tu. Mshahara ukichelewa, mtu huweka baiskeli, redio, mbuzi, hata ng'ombe. Siku ya kudai, majibu ni yale yale. Mbuzi ameibiwa. Ng'ombe ameibiwa. Kwa kuwasikiliza wenye nyumba, wezi wa mifugo wa Tarime hawagusi kitu kingine chochote, wanachagua amana za wapangaji peke yake.

Wengi wenu mnaikumbuka kesi ya Jairo mwenye vyumba vya njia ya Sirari. Aoko, muuza dagaa, alimwekea baiskeli kama amana. Alipotaka kuhama, Jairo akajibu kwamba baiskeli iko safarini. Kumbe aliikodisha kwa shemeji yake wa Migori, ng'ambo ya mpaka! Mama Mokami hakugombana naye. Alibeba kiti chake cha ofisi, akakiweka mlangoni pa duka la Jairo, akawa anasikilizia malalamiko ya mji mzima hapo hapo, wateja wa Jairo wakimruka kuingia dukani. Siku ya nne baiskeli ikarudi kutoka Migori, bila kengele, bila kiti cha nyuma. Akamwambia Jairo safari haijaisha, mpaka hivyo viwili navyo virudi. Vilirudi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Mwaka 1968, alipopewa nyumba ya ofisi, mkuu wa wakati ule alidai amana. Mama Mokami alikuwa na mtamba mmoja mwekundu, aliyemnunua kwa mshahara wake. Kaka zake walimtaka mtamba huyo waongezee mahari. Akaona heri amweke Serikalini, maana Serikali haioi. Mkuu akampokea, akasema atawekwa mahali pazuri, kisha akahamishiwa mkoa mwingine. Tangu hapo kila mkuu aliyekuja aliulizwa na Mama Mokami, na kila mmoja alijibu kwamba amana iko salama. Salama wapi? Kwa nani? Hakuna. Mwenye nyumba angethubutu kumjibu hivyo, angeketiwa mlangoni mwezi mzima. Lakini kwa mwajiri wake alivumilia, akisema mkubwa hafukuzwi kama kuku. Mimi nilimwambia huo si uvumilivu, ni kujidhulumu. Hakunisikia.

Wiki iliyopita kamati iliamua kumpa zawadi ya ndama jike, mtoto wa yule ng'ombe wa mradi wetu wa kujitegemea anayetupa maziwa ya chai. Wakamwita Mzee Shaaban, mlinzi wetu na mchungaji wa mradi, amsafishe ndama. Mzee Shaaban akauliza: "Mtu anapewaje zawadi ya ng'ombe wake mwenyewe?"

Basi yakatoka yote. Yule mtamba alipelekwa Nyambureti kwenye kundi la mradi, akazaa huko, akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Wakati wa operesheni ya vijiji, mwaka 1974, kundi likagawanywa, na binti yake ndiye aliyeletwa hapa nyuma ya ofisi. Mzee Shaaban alidhani sote tunajua. Kwa hiyo kwa miaka tisa tumekunywa chai kwa amana ya Mama Mokami, na yeye amelipia maziwa hayo kila mwisho wa mwezi, kwa wakati, wakati wakubwa wengine wanadaiwa mpaka leo. Nilipoelewa, nilitamani kupasua vikombe.

Yeye hakupiga kelele. Alimwendea mkuu wetu, Ndugu Ogweno, aliyekuwa ameshaandaa hotuba ya zawadi, akamwambia: "Zawadi yenu siitaki. Nirudishieni amana yangu, pamoja na uzao wake."

Ndugu Ogweno alijaribu kueleza kwamba mambo haya yanahitaji kibali cha mkoa. Mama Mokami akaenda kuchukua kiti chake. Kabla hajafika nacho mlangoni kwa mkuu, kibali kilikuwa kimekwisha kupatikana.

Ndiyo sababu katika ratiba mliyoshika, neno "zawadi" limekatwa kwa kalamu. Ng'ombe yule, ndama wake, na dume aliyefungwa kule nyuma, mzao wake wa kwanza, wote wanaondoka leo. Kuanzia kesho asubuhi ofisi itakunywa chai ya rangi, na asiyeipenda akamlalamikie mkuu wa mwaka 1968.

Mama Mokami, tunakushukuru kwa kila mpangaji aliyeondoka kwa mwenye nyumba na kitu chake mkononi. Sisi zawadi hatuna. Fedha ya mchango tulikwisha nunulia soda, tukidhani ndama ni wetu. Unaondoka bila hata kanga kutoka kwetu, na hilo ni aibu yetu, si yako. Nenda Matongo na ng'ombe wako, wazae, maziwa uyanywe bila kulipa mtu. Uishi kwa raha katika nyumba ambayo mwenyewe ni wewe.