Vigingi vya Masika Matatu

Sogeeni, wanangu, Danford na wewe Nesta, kaeni hapa kitandani, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupaza sauti. Shamba la kahawa la Igamba mtagawana nusu kwa nusu, na hilo halina mjadala. Ninalotaka kusema ni la kile kiwanja cha mtoni. Nimeiona ramani ya nyumba aliyoileta Danford kutoka Tunduma. Ni nzuri, sikatai, lakini aliyeichora hajawahi kuiona mikuyu yetu, ndiyo maana kaiweka nyumba juu ya mizizi yake na anataka yote ikatwe.

Mimi niliikata ya ng'ambo ya mto nikajenga pale, ujana wangu. Kaka yangu Hezron aliniambia, piga kigingi kila maji yanapofikia, masika matatu, ndipo uchimbe msingi. Nikamjibu kwamba anaitamani ardhi yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: masika ya pili ukingo, usio na mizizi ya kuushika, uliporomoka, jiko likaenda na mahindi yetu ya mwaka mzima, na mama yenu alikuwa ametoka humo punde tu kuanika vyombo. Hezron ndiye aliyeingia majini kuokoa mabati, nami sikumpa hata asante. Kilikuwa kiburi, na hadi leo naona haya. Nendeni mkamwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Safari hii vigingi nimevipiga mwenyewe, masika matatu, nikavipaka rangi nyekundu. Jengeni nyuma ya kile cha juu kabisa. Msingi uwe wa mawe, ufike kiunoni. Nyumba ipinde katikati iupishe mkuyu mkubwa, baraza iangalie maji, na vyumba vya kulala vikae upande wa mlimani, maana ukungu wa Juni hupenya hadi kwenye godoro. Paa lizidi ukuta kwa hatua nzima, ila mifereji ya bati msiweke, majani yataijaza kabla ya Krismasi. Nimejenga nyumba arobaini wilaya hii, najua ninachosema. Hiyo itawalea wajukuu wa Nesta.

Nipeni maji kidogo... Basi, yanatosha. Mungu aliyenitunza awatunze, msikose chakula wala usingizi, na mpendane hata mkikasirikana. Nawabariki wote wawili.

Danford, mama yako ameniambia, mwenye chensoo anakuja Jumatatu kuikata mikuyu. Mpigie sasa, mwanangu, nikiwa nasikia. Inaita? Isogeze hapa... Mwambie asije.