Mama Elieth na Miaka ya Kumchelewesha Mgeni

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Elieth Mmari anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu ya Wheaton, huku ughaibuni, kwa miaka ishirini na sita. Hapa kazini tunamwita Mama tu, na Mama mwenyewe amekataza sherehe kubwa. Ameomba chai, maandazi na mtu wa kusema machache. Nimechaguliwa mimi, Simiyu, fundi sauti, eti kwa sababu nimemsikia kwenye hedifoni kuliko mtu mwingine yeyote.

Alianza mwaka 1999 kwa kupokea simu. Wakati huo televisheni yetu ya jamii ilikuwa na kipindi kimoja tu cha Kiswahili, cha matangazo ya misiba na harusi. Mama alichoka kusikia marehemu wote wakielezwa kwa maneno yale yale, akakiandika upya bila kuombwa. Bosi akaona huyu si mtu wa simu.

Mwaka 2003 akakutana na katuni kwenye Jirani, jarida dogo lililokuwa likichapwa Lanham. Mchoraji alikuwa Method Tesha, mtu wa Rombo aliyekuwa akihudumia wazee kwenye makao yao kule Arlington, na huko alishaona wengi wakiondoka. Ilikuwa picha moja isiyo na neno: Kifo kavaa koti jeusi refu, kasimama mlangoni na orodha mkononi, na familia nzima inamvutia kiti mezani. Wasomaji waliichukia. Jirani walipigiwa simu za lawama mpaka wakaacha kuzipokea. Mama alicheka, kwa sababu kwao mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala.

Ndivyo ilivyozaliwa Kula Kwanza, tamthilia yetu ya vichekesho. Kila sehemu Mgeni anakuja kumchukua Babu, na kila sehemu anakaribishwa, anaongezewa ndizi, anaombwa asuluhishe ugomvi wa mashemeji, mpaka anaondoka kashiba na orodha hajaifungua. Kugeuza picha moja ya kutisha kuwa nusu saa ya kucheka hakukuwa mchezo. Mama alimwondolea Mgeni jina la Kifo, maana Fahmi, mpiga picha wetu, alisema hatarekodi mtu akiitwa Malaika wa Mauti. Akampa Mgeni njaa, kisha haya, kisha kisukari, ili watu wamwonee huruma. Lakini hakuna mwigizaji aliyetaka kulivaa lile koti. Mmoja alikubali Jumatatu, Jumanne mama yake akapiga simu kutoka Moshi, Jumatano tukabaki bila Mgeni. Mwishowe Method akalivaa mwenyewe. Kuigiza hakujua hata kidogo. Chakula alikuwa anakila kweli. Watu wakampenda kwa hilo.

Zimetoka sehemu mia mbili na kumi na mbili, na bado zinarudiwa kila wiki. Watoto wetu, hawa wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza, mtu akisimama mlangoni humwambia kwa Kiswahili safi ale kwanza. Misibani watu wanazisimulia na wafiwa wanacheka. Mimi sijui tuzo kubwa kuliko hiyo.

Sasa nifike pale ambapo Mama hatapenda nifike. Mwanzoni mwa 2022 Method aliugua kansa ya ini. Akamwomba Mama kitu kimoja: aandike sehemu ya mwisho, Mgeni aifungue orodha na kuisoma, wairekodi yeye angali na nguvu. Mama akakubali, akaanza kuandika. Lakini kwetu mgonjwa hasomewi kifo chake, na Mama aliogopa kwamba maneno yale yakitoka kinywani mwa Method yatamchukua. Basi kila Jumamosi Method alipokuja, sababu haikukosekana. Skripti ina kasoro. Babu ana mafua. Mara tatu alinituma nimwambie maikrofoni imeharibika, nami nikamwambia huku natazama chini, maana nilikuwa nimetoka kuijaribu. Method alivaa koti lake, akanywa chai na sisi, akalivua, nikamrudisha kwake Lanham kwa gari. Jumamosi kumi na nne zilikwenda hivyo. Ya kumi na tano hakuja. Alikuwa amefariki Alhamisi, na sehemu ile haikurekodiwa kamwe.

Tangu hapo Mama hajaandika mstari. Amehariri kazi za wengine na amefundisha wapya kwa moyo wote, lakini kila tukimsifu hujibu kwamba alimnyima mtu ombi lake la mwisho. Amelisema hilo hata kwenye barua yake ya kustaafu, na tulioisoma tulishindwa kutazamana.

Mama, kuna neno nimelikalia. Jumamosi ile ya kumi na nne, tukiwa kwenye gari, Method aliniambia nisijisumbue tena na habari za maikrofoni, kwamba tangu siku ya kwanza alijua ni nzima. Alisema kurekodi hakutaki tena. Alichotaka ni wewe usiimalize ile skripti, kwa sababu ukiimaliza hatakuwa na pa kwenda Jumamosi. Akaniomba nisikwambie, usije ukaona aibu ukaharakisha kuimaliza. Nikanyamaza, na alipokufa nikazidi kunyamaza kwa aibu, miaka mitatu, huku nakuona unaumia. Nisamehe.

Asante kwa kila ulichotuandikia na kila ulichotufundisha. Sisi sote wa studio tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wa kukuchosha. Na Method hukumnyima kitu, Mama. Alikuwa anakusubiri uchelewe.