Godoro Limehamia Sebuleni

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa duka la fundi simu, mguu mmoja ukiwa juu ya tofali. Kila alasiri, kazi zikipoa, walikutana hapo watatu kunywa kahawa: Betri, mwenye duka, Kengele, mwalimu mstaafu aliyezoea kusikilizwa, na Soli, fundi viatu, ambaye leo kikombe kilikuwa kinampoa mkononi. Tangu asubuhi alibeba neno kifuani, na neno la namna hiyo ni kama msumari ndani ya kiatu: kila hatua linakuchoma upya.

— Mke wangu amehamisha godoro, alisema mwishowe. Analala sebuleni.

Betri akaweka bisibisi chini.

— Tangu lini?

— Wiki ya pili hii. Namfunika blanketi, analirusha. Nafunga dirisha, analifungua. Jana nilimsemesha kidogo tu, akanikaripia, halafu akalia.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, alisema Kengele. Godoro halihami lenyewe.

— Hapo methali imeingiaje, Mwalimu?

— Inaingia taratibu. Mimi naona ni gundi. Mwanamke atavumilia harufu ya gundi ya viatu mpaka lini?

— Naoga, Mwalimu.

— Gundi haiogeki.

— Si gundi, alisema Betri. Huyo ana safari ya nchi ya baridi. Anarusha blanketi, analala na upepo. Anafanya mazoezi.

— Safari na nani?

— Hapo ndipo penyewe. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

— Mwana gani sasa?

— Wewe. Si unataka kulia?

Soli hakucheka. Alimwona mkewe akipanda basi, koti jipya mwilini, bila kugeuka nyuma, akajiona yeye akiingia kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia, "Leo umechelewa."

— Mpelekee kahawa, Kengele alishauri. Ya moto, yenye tangawizi.

— Nampelekea kila jioni. Anaimaliza yote.

— Basi tafuta blanketi zito zaidi.

— Mnamsema nani?

Wote wakageuka. Mkewe Soli alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba kwapani, akijipepea kwa ncha ya mtandio. Betri akaokota bisibisi, akaanza kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

— Mteja tu, shemeji.

— Mteja mwenye godoro?

Mwanamke akamtazama mumewe, na uso wake ukalegea.

— Mume wangu, natoka kliniki. Kumbe ni hedhi yangu inaelekea kukoma. Muuguzi amesema umri wake ndio huu, si ugonjwa wala laana. Joto linapanda ghafla, natota jasho, usingizi unakatika, na hasira inaingia bila kubisha hodi.

— Kwa hiyo hukunihama?

— Nikuhame niende wapi? Nagaagaa usiku kucha, na wewe unaamka alfajiri. Nilitaka ulale.

Soli akaweka kikombe chini.

— Dawa ipo?

— Nianze na shuka jepesi, nguo za pamba, dirisha wazi, na kutembea kidogo jioni. Ikizidi nirudi, daktari aone dawa ya kunifaa. Na kahawa nipunguze. Hiyo unayoniletea ndiyo inanichemsha kupita zote.

— Mbona ulikuwa unaimaliza?

— Uliileta wewe.

Kengele alitazama juu, akitafuta methali, akakosa.

— Nikirudisha godoro leo, mke wa Soli aliuliza, utaweza kulala dirisha likiwa wazi?

Soli akasogea kwenye benchi, akamwachia upande unaopitisha upepo.